Dakika Aliyoiacha Bila Muziki

Mama alipozikwa nilikuwa Hayes, London, nimekaa kitandani na yunifomu ya kazi, nikitazama kaburi kwenye simu. Pasipoti yangu ilikuwa imekwama kwa watu wa uhamiaji. Upepo ulivuma kwenye simu ya binamu aliyekuwa akirekodi, mchungaji akapaza sauti kuushinda, nikazima sauti. Sikulia. Nilinawa uso, nikapanda basi kwenda kazini.

Kazini ni Ealing, kwa mzee wa Kipolandi aliyepiga piano ya jazi na kutunga muziki wa filamu maisha yake yote. Nilimwogesha, nikampikia uji, nikaandika kwenye simu ya kampuni yetu ya kutunza wazee: amekula, hali shwari. Kumbukumbu zilikuwa zinamtoka. Jina langu alilisahau kila asubuhi, ila vidole vyake bado vilijua kazi.

Siku moja aliniuliza mbona nafagia kama mashine. Nikamwambia mama amefariki, nimemzika kwenye simu, na ndani sihisi kitu.

"Nionyeshe," alisema.

Nilidhani ni umbea wa uzeeni. Nilimwekea ile video kwenye tableti, nikaenda jikoni nisiisikie. Nilipotoka akaniambia ataitungia muziki. "Ukiusikia utalia. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, kuliza watu."

Ahadi ile niliishika kuliko nilivyotaka kukiri. Nilichoka kuwa mkavu. Kwa wiki kadhaa alitazama na kupiga, akasimamisha, akarudia, nami nikiosha vyombo nikingoja amalize.

Kisha supavaiza, Mkenya mwenzangu, akanipigia. "Dada, kesho nakuja kwa mzee kufanya spot check. Please hakikisha kila kitu ni clean, sitaki complaints."

Kwetu mgeni akitajwa tu, kabati linang'arishwa, hata kama mgeni mwenyewe humpendi. Nilisugua bafu na madirisha. Kifuniko cheusi cha piano kilikuwa kimejaa mistari na namba za chaki, nikasema huyu mzee sasa anachorachora kama mtoto ukutani. Nikakifuta kwa kitambaa chenye maji, nikakipaka mafuta. Kiling'aa kweli.

Mzee alikuja na kigari chake cha kutembelea, akapapasa kifuniko.

"Karatasi zinanipotea," alisema. "Piano hainipotei."

Zile namba zilikuwa dakika na sekunde za mazishi ya mama yangu: muziki unaingia wapi, unageuka wapi, unakwisha wapi. Watu wa filamu hutunga hivyo. Alikaa, akaanza, akafika mahali akakwama. Akaanza tena, akakwama palepale. Mwishowe akaweka mikono mapajani na kuomba chai. Nilitamani anitukane. Nilimkasirikia supavaiza, nikaikasirikia na chaki, lakini kitambaa nilikishika mimi.

Karibu na bawaba mstari mmoja ulikuwa umesalia, na sifuri pembeni yake. Nikamuuliza ni nini.

"Hapo sipigi," alisema. "Wanatupa udongo. Kuna mwanamke anasema jambo, nami nimeelewa neno moja tu, London. Nikaona nisiifunike sauti yake."

Sikuamini. Nani angeitaja London pale? Jioni hiyo, ndani ya basi, nilivaa vipokea sauti na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikaiwasha sauti ya ile video. Upepo, mchungaji, makoleo. Halafu shangazi, sauti imemkauka kwa kulia:

"Ngojeni, msifukie kwanza. Huu udongo ni wa yule wetu wa London. Namtupia mimi."

Nikausikia ukianguka. Nililia hadi mama wa Kigujarati aliyekaa kando yangu akanipa pakiti nzima ya tishu, na kituo changu kikanipita.

Kesho yake, nikimfunga mzee vifungo vya shati, nilimwambia nimelia. Akanitazama kwa upole.

"Pole," alisema. "Nani amekufa?"

"Mama yangu," nikamwambia, na sauti ikanikatika.