Mdomo wa Chepkurui Wiki ya Kumuaga Mzee Micah

Mimi Wanjugu, ambaye majirani huniita Mama Sue, nimeshika vichwa vya wanawake wa Subukia miaka kumi na tisa. Nimesuka, nimeosha, nimesikia mambo. Lakini hakuna kitu kimewahi kunitoa kicheko na machozi pamoja kama mdomo wa jirani yangu Chepkurui, na nikianza kuuzungumzia siwezi kukaa chini!

Chepkurui ni mama wa ng'ombe. Anakamua sita kabla jua litoke. Kitu ambacho watu hawakujua ni kwamba tangu mwaka juzi alikuwa anajifunza tarumbeta, na miaka yake arobaini na sita! Baba yake, mzee Micah, ndiye mpiga tarumbeta wa kanisa letu tangu zamani. Amefunza vijana wa bonde hili lote, lakini binti zake aliwaambia neno moja tu: msichana hapulizi. Kwa hivyo Chepkurui alienda kwa Naftaly, mkubwa wa bendi, akafunzwa kwa siri ndani ya stoo ya nyasi.

Sasa Februari hii kanisa likaamua kumuaga mzee astaafu tarumbeta, maana kifua chake kimechoka. Naftaly akatunong'oneza kwamba wimbo wa kumuaga utapigwa na Chepkurui, peke yake, mbele ya baba yake. Woi! Nilirukaruka hapo saluni na kitana mkononi.

Jumatatu ya wiki ya kumuaga akaingia kwangu amefunika mdomo na leso. "Mama Sue, mimi nimekwisha." Akaitoa. Ngai! Mdomo ulikuwa umevimba, umepasuka kila mahali, na damu kwenye kona. Ukiwa na mdomo kama huo tarumbeta huwezi hata kuigusa, na Jumamosi ilikuwa imebaki siku tano.

"Umejifanya nini wewe?"

Unajua upepo wa Februari na vumbi lake. Mdomo ulianza kumenyeka, akaona kwa simu kwamba watu wanasugua na sukari ngozi kavu itoke. Haya, hapo hakuna makosa. Lakini yeye alichukua mswaki, tena ule mgumu, akasugua asubuhi na jioni siku nne mfululizo. Halafu, shika hii, akapaka dawa ya chuchu! Ile ya kahawia yenye iodini, ya kuchovyea chuchu za ng'ombe ukimaliza kukamua!

"Si ng'ombe wangu hawapati vidonda?" akajitetea.

"Na wewe una kwato?" Nilikuwa nimekasirika mpaka mteja wangu akashika begi lake vizuri. "Hiyo kitu inakausha! Kwenye rafu hiyo hiyo una mkebe wa jeli ya kukamulia, ile unajipaka miguu kila siku, na ukaruka ukachukua sumu!"

Akacheka, mdomo ukapasuka tena, akalia. Basi hasira yangu ikaisha hapo.

Nikamwosha na maji vuguvugu, nikampaka jeli tabaka nene. Nikampa sheria. Kusugua, hapana, mpaka upone. Kulamba, hapana, mate yanazidi kukausha. Pilipili na chai ya moto sana, hapana. Maji anywe, na jeli apake kila akikumbuka, haswa akienda kulala. "Ukishapona utasugua mara moja kwa wiki," nikamwambia. "Unalowesha na kitambaa, unachukua sukari laini na asali kidogo, unatumia kidole, polepole, kama unapangusa jicho la mtoto."

"Na mazoezi?"

"Fanya na vidole."

Alifanya! Nilimkuta zizini akibonyeza vitufe vya tarumbeta, wimbo akiuimba kwa pua. Kila jioni nilikuwa naenda kumkagua. Jumatano uvimbe ulishuka. Alhamisi kona zikafunga. Ijumaa nilipitisha kitambaa chenye maji vuguvugu, maganda yakatoka yenyewe, na chini yake ngozi mpya, laini! Nilipiga kelele ng'ombe wakashtuka.

Jumamosi kanisa lilijaa hadi nje. Mzee Micah alikaa mbele akijua ni Naftaly atapiga. Akasimama binti yake. Mzee akakunja uso, na mimi nikakazia macho ule mdomo. Mdomo haujagusa tarumbeta siku tano, je, ukipasuka katikati?

Chepkurui akapuliza. Jamani! Sauti ilitoka safi, ikapanda, ikafika pale juu ambapo vijana huwa wanakwama. Ikatetemeka kidogo, nikafunga macho, na nilipoyafungua alikuwa bado anapiga. Akamaliza bila tone la damu. Watu walipiga makofi, vigelegele, wengine wakapanda juu ya viti.

Mzee hakupiga makofi. Alimwita na kidole. Mimi nikajitayarisha kugombana na mzee wa miaka themanini mbele ya pasta. Akamshika binti yake kidevu, akageuza uso wake kwa mwanga wa dirisha, akaangalia mdomo huo kwa muda mrefu.

"Pale juu umepumua na kifua," akasema. "Ndiyo maana imetetemeka. Pumua na tumbo. Jumanne ukimaliza maziwa, kuja kwangu nikuonyeshe."