Tuliomba Doktora Kutoka Biro Moja

Nilikuwa asistanti wa jiografia katika chuo kikuu kimoja hapa Kalemie, kando ya ziwa, na biro, yaani ofisi yetu, ilikuwa ya watu wawili. Mwenzangu alifundisha mambo ya samaki na uvuvi. Alikuwa mdogo wangu kwa umri, mtoto wa familia ya Kiislamu ambayo wazee wake walivuka ziwa zamani wakifanya biashara, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kigoma hata akikasirika. Mimi ni mtoto wa reli, baba alifanya kazi stesheni mpaka alipostaafu. Mwenzangu huyo aliniita yaya, kama tunavyowaita dada zetu wakubwa. Tuligawana chaki, tuligawana feni, tuligawana hata muhogo wa kuchemsha.

Kwa hiyo nilishangaa siku alipoanza kuigeuza kompyuta yake iangalie ukuta. Kisha nikajishangaa mwenyewe, maana nami yangu nilikuwa nimeigeuza. Tangazo lilikuwa limetoka: ufadhili wa masomo ya doktora, ile shahada ya uzamivu, katika chuo cha ng'ambo, juu ya maziwa makuu na watu wake, na nafasi zilikuwa chache mno kwa nchi nzima. Kila mmoja wetu alilisoma peke yake akanyamaza.

Aliyetuumbua ni profesa wetu, mzee aliyetufundisha sote wawili. Kila mmoja alikuwa amemwendea kwa siri kumwomba barua ya kumpendekeza. Akatuita pamoja.

"Muko wawili ndani ya biro moja," alisema huku akivua miwani, "na kila mutu ananiambia nisimwambie mwenzake. Nitawaandikia wote. Lakini kwanza musomeane miradi yenu ya utafiti. Kila mutu aniletee makosa ya mwenzake."

"Papa Profesa," nikasema, "hii ni mashindano."

"Njo maana. Wale mutakaoshindana nao huko nje hawatawaambia mulikosea wapi."

Tulitoka tumeinamisha vichwa kwa aibu. Kwenye ngazi yeye akaanza kucheka, nami nikacheka. Jioni hiyo tulibadilishana miradi.

Alinirudishia wangu Jumatatu, akafunga mlango wa biro kwanza.

"Yaya, usinikasirikie. Umeandika vizuri, lakini haya ni mahubiri."

"Mahubiri?"

"Ziwa linapanda, nyumba zinazama, watu wanateseka. Yote kweli. Sasa wewe unataka kujua nini? Nimetafuta swali toka mwanzo mpaka mwisho, sijaliona."

Nilikasirika. Nikamwambia kwamba mradi wake nao una ndagala tele, wale dagaa wetu, lakini hakuna hata mtu mmoja anayewavua wala kuwala. Yeye alichukua kalamu akaliandika hilo pembeni ya ukurasa, bila kununa. Mimi nilikusanya vitu vyangu nikaenda nyumbani.

Wakati huo mama yangu aliishi nami huku mlimani, kwa sababu ziwa lilikuwa limeingia nyumbani kwake mpaka sebuleni. Maji yalipopungua, aliniomba nimsindikize akaone hali. Tulikuta ukuta una alama ya tope inayonifika kiunoni, na matete yameota uani. Jirani wa mkono wa kushoto alikuwa amesharudi, anapanga mawe mbele ya mlango wake. Nyumba ya mkono wa kulia ilikuwa tupu. Wenyewe walihamia Kabimba kwa ndugu zao, na walituma habari kwamba hawarudi tena.

Mama akachukua ufagio.

"Mama, unafagia ya nini? Mwaka kesho maji itarudi."

"Irudi. Nitatoka, kisha nitarudi na mimi. Hapa njo kwangu."

"Na hao wa Kabimba?"

Aliitazama ile nyumba tupu. "Nyumba yao ilikuwa nzuri kuliko yangu. Sijui kwa nini walikwenda kabisa. Si uwaulize?"

Nilisimama pale na viatu vyangu vimezama topeni. Maji yalikuwa yale yale na mtaa ule ule, lakini mmoja anapanga mawe, mwingine hataki hata kusikia habari za kurudi. Kwa nini? Nilikuwa nimeandika kurasa nyingi juu ya ziwa, na hilo sikuwa nimejiuliza. Nilimsaidia mama kufagia, lakini akili yangu ilikuwa imeshaanza kuandika. Wiki iliyofuata niliongea na watu wa mtaa ule, nikapanda gari mpaka Kabimba kuongea na waliohama. Mradi niliompelekea mwenzangu safari hii aliusoma palepale, akanyoosha mkono tushikane.

Tulituma maombi yetu siku moja, yeye akabonyeza kitufe cha kutuma yangu, mimi nikabonyeza cha yake.

Tuliitwa wote kwenye mahojiano ya video. Kwangu umeme ulikuwa unakatika ovyo, na mtandao haukuwa wa kutegemea. Nyumbani kwa mwenzangu walikuwa na sola na mtandao mzuri, basi akanialika bila mimi kumwomba. Mama yake alinipokea mlangoni.

"Karibu mwanangu. Leo humu ndani hapigi mtu kelele."

Alizima redio, akawapeleka wajukuu kwa jirani, kisha akaweka kiti chake kizingitini akakaa kama mlinzi. Waliponiuliza kwa nini wanichague mimi, nilisahau majibu niliyokariri. Niliwasimulia mama na ufagio wake. Kesho yake mwenzangu alikaa kwenye kiti kile kile kwa mahojiano yake, na zamu hii mimi ndiye niliyekaa na mama yake mlangoni.

Jibu langu lilikuja nikiwa darasani. Nilikuwa nimekubaliwa. Nilitamani kupiga kelele, lakini nilimfikiria yeye, nikaenda biro taratibu. Alikuwa ameketi, simu iko mezani.

"Yangu wamekataa," alisema. "Yako?"

Aliniangalia usoni, akasimama, akafungua mlango na kuwatangazia watu wote wa koridoo kwamba yaya wake amepita. Ijumaa mama yake alipika pilau. Sitasema kwamba hakuumia.

Mwaka uliofuata aliomba mahali pengine. Mimi nilikuwa ng'ambo tayari, nikiusoma mradi wake kwenye simu, ndani ya treni ya asubuhi. Safari hii ulikuwa na watu: wanawake wa Zongwe, kando ya ziwa letu, wanaoanika ndagala, na shida wanayopata mvua ikiwawahi. Nilimtafutia makosa kwa bidii, kama tulivyofundishwa, na yalikuwa machache. Alikubaliwa.

Sasa niko Kalemie tena kwa ajili ya utafiti. Wiki hii amenitumia ujumbe wa sauti kutoka huko aliko, analalamika kwamba samaki wa huko hawana ladha na kwamba amenunua koti refu kuliko yeye. Nimemsikilizisha mama yake. Amecheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga, akaniomba nirudishe mwanzo asikie tena.