Vidonge Vinne Kabla ya Jino

Mdogo wangu wa mwisho, wa kike, ana valvu ya chuma moyoni. Mkikaa wawili chumbani pakiwa kimya utaisikia ikigonga, kama saa ya mkononi iliyofunikwa na kitambaa. Alifanyiwa upasuaji Dar es Salaam akiwa na miaka ishirini na miwili, baada ya miaka mingi ya sisi kumwita mvivu. Utotoni aliugua koo mara kwa mara, kisha viungo vikawa vinavimba, kisha akawa hawezi kupanda kilima cha kwetu Bweranyange na ndoo ya maji bila kupumzika njiani. Mama alimkaripia. Nami nilimkaripia. Siku tulipoambiwa kwamba yale magonjwa ya koo yasiyotibiwa vizuri ndiyo yaliyoharibu moyo wake, mama alisema "Mawe!", kilio chetu cha Kinyambo cha kumwita mama, mara moja tu, na siku ile hakula.

Alirudi na kadi. Daktari aliyemruhusu aliandika nyuma ya kadi hiyo kwa wino mwekundu kwamba kabla ya kung'olewa jino apewe antibayotiki. Akatueleza kwa Kiswahili chepesi, maana mama Kiswahili chake ni cha kuungaunga. Mdomoni mwa kila mtu mna vijidudu. Jino likitolewa, vinaingia kwenye damu. Kwangu mimi na wewe, mwili unavimaliza kabla hata hatujafika nyumbani. Kwake vinaweza kuikuta ile valvu, vikajishikiza juu yake na kuanza kuula moyo.

"Si kila mwenye ugonjwa wa moyo anahitaji hivi," alisema. "Lakini huyu mwenye valvu ya bandia anahitaji. Vidonge vinne vya amoksilini kwa mkupuo, kama saa moja kabla ya jino. Basi."

Vidonge vinne.

Miaka sita ilipita. Mdogo wangu akafungua chumba cha kushonea Murongo, karibu na mpaka, na wateja wakawa wanavuka kutoka Uganda kumfuata kwa sababu ya mikono yake. Mimi nafundisha shule ya msingi Kimuli. Jumamosi moja alinipigia simu akilia kwa gego. Nikamfuata kwa bodaboda, tukaenda kliniki moja ya meno ambayo sitaitaja.

Tulimkuta mganga wa meno, mwanaume wa makamo, koti limepigwa pasi. Mdogo wangu alimwamkia shikamoo, akampa kadi kwa mikono miwili. Aliifungua. Alisoma upande wa kwanza, akauliza kuhusu dawa anayotumia ya kuzuia damu isigande, akataka majibu ya kipimo chake cha mwisho, na hapo nampa haki yake, alikuwa makini. Kisha akaifunga kadi bila kufika kwenye wino mwekundu.

"Daktari," mdogo wangu akasema, "nilielekezwa nimeze antibayotiki kwanza. Imeandikwa huko nyuma."

"Hayo ni mambo ya zamani." Alionyesha bango ukutani, lenye picha ya vidonge vilivyopigwa mstari. "Unaona lile? Usugu wa dawa. Tumekatazwa kugawa antibayotiki ovyo. Jino halijatunga hata usaha."

"Lakini kwa sababu ya valvu..."

"Dada, hapa daktari ni nani? Mimi au wewe?"

Mdogo wangu akanigeukia. Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye mwalimu. Nikamgusa goti, nikamwambia kwa Kinyambo, polepole, anyamaze amwache mtaalamu afanye kazi yake. Akanyamaza. Akafungua mdomo, akachomwa ganzi, jino likatoka.

Nikilifikiria lile bango hadi leo damu inanichemka. Usugu wa dawa ni kweli, sibishi. Lakini katika wilaya zetu hizi za mpakani, mtu akipiga chafya anaingia duka la dawa na kutoka na amoksilini za siku mbili, haulizwi kitu. Baba yangu mwenyewe ana chupa ya antibayotiki ya ng'ombe darini. Ndama akilegea masikio, anapigwa sindano kabla jua halijapanda, na hakuna aliyewahi kumbandikia bango zizini. Katika watu wote hawa, aliyekuja kunyimwa dawa kwa jina la sheria ni yule mmoja ambaye dawa iliandikwa kwa ajili yake, kwa wino mwekundu!

Wiki ya tatu homa ikaanza. Jioni anatetemeka, asubuhi shuka zimelowa. Alikwenda zahanati, kipimo cha malaria kikasema hana, akapewa dawa za malaria. Akarudi, akaambiwa ni taifodi, akapewa vidonge. Homa ikatulia siku chache, ikarudi. Akaambiwa ni U.T.I. Na kila mara, sikilizeni, kila mara alipewa antibayotiki! Nusu dozi hapa, dozi nyingine kule, zote za ugonjwa asiokuwa nao. Hakuna aliyeweka kifaa cha kusikilizia kifuani pake. Alipungua hadi sketi alizojishonea mwenyewe akawa anazifunga kwa pini.

Aliyetuokoa ni tabibu wa kike, kijana, ndio kwanza amepangiwa kituo cha afya cha upande wetu. Hakuanza na kipimo cha malaria. Alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, akiwa amefumba macho. Akamshika vidole, akavigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Chini ya kucha palikuwa na vistari vyeusi vyembamba, kama vibanzi vya mti vilivyomchoma. Mimi nilidhani ni uchafu wa cherehani.

"Dada, umeng'oa jino karibuni?"

Mdogo wangu akaitika kwa kichwa.

"Ulimeza dawa kabla?"

Alinitazama mimi.

Siku hiyohiyo tuliondoka kwa gari la wagonjwa, na hatimaye tukafika hospitali kubwa Mwanza. Walimtoa damu, chupa baada ya chupa, wakaiotesha maabara. Vijidudu vikaota, vya aina inayoishi mdomoni. Vilikuwa vimejenga kiota juu ya valvu. Alichomwa sindano za mshipa wiki sita. Wiki ya pili kipande kidogo cha kiota hicho kilibanduka, kikapanda na damu hadi kichwani. Aliamka asubuhi mkono wa kushoto umelala kama si wake.

Ni katika wodi ile aliponiambia. Nilikuwa namlisha uji. Akageuza uso.

"Mganga simlaumu kama ninavyokulaumu wewe," alisema. "Yeye hanijui. Wewe ulinisikia, na ukaniambia ninyamaze."

Nilitaka kujitetea. Nilitaka kusema tumelelewa hivyo, mkubwa na mtaalamu hawajibiwi. Lakini nilikuwa na kijiko mkononi na yeye alikuwa na mkono usiosogea. Nikasema, "Nisamehe." Hakunisamehe siku ile. Uji akaunywa baadaye, nilipotoka.

Tuliporudi nilikwenda peke yangu kwa mganga wa meno. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza, kisha akasema jambo ambalo alikuwa amelitayarisha wakati nikiongea.

"Mwalimu, huwezi kuthibitisha kwamba ni lile jino. Vijidudu huingia hata mtu akipiga mswaki."

"Kweli. Hata daktari wa Mwanza hakuapa kwamba ni jino," nikamwambia. "Sikuja kuthibitisha. Nimekuja kukuuliza kwa nini hukugeuza karatasi."

Nje wagonjwa walikuwa wakisikia, mlango haukufungwa, nami sikuufunga. Hatimaye akasema, "Pole," kwa sauti ile ya kumwambia mtu aliyejikwaa. Niliandika barua kwa mganga mkuu wa wilaya. Nikajibiwa kwamba imepokelewa. Baadaye nilisikia wahudumu wa meno waliitwa semina. Ilihusu nini, sikuambiwa.

Mkono wa mdogo wangu umerudi kiasi. Anashika kikombe, lakini kitambaa kinamteleza, na mstari wa mshono unapinda. Sasa yeye hukata na kupima, wasichana wawili aliowafundisha hushona. Wateja wa ng'ambo bado wanakuja, ila baadhi huuliza nguo hii itashonwa na nani, na akishawajibu hurudia kupima kitambaa alichokwisha kukipima. Tunazungumza vizuri. Alinisamehe taratibu, bila kusema, kwa kuanza tena kunitania.

Mwezi uliopita mama mmoja wa Kimuli, ambaye familia yake ilikuja zamani kutoka Burundi na sasa wanalima vibarua, alinisubiri nje ya ofisi ya walimu. Binti yake amerudi kutoka kupasuliwa na valvu kama ya mdogo wangu, na jino limeanza kumuuma. Alitaka nimwandikie maneno ya kumwambia daktari, kwa sababu yeye akisimama mbele ya watu wa koti jeupe Kiswahili chote humtoka.

"Sikuandikii, waitu, mwenzangu," nilimwambia. "Nakwenda na wewe."

Tulikwenda Jumatatu, kliniki nyingine. Msichana alimeza vidonge vinne mbele yetu sote, tukakaa kwenye benchi saa nzima tukisubiri, na mama yake akawa ananiuliza tena na tena kama muda umeshafika.