Nishani Mbele ya Kamati

Mimi ndiye niliyemshauri aende na nishani. Sina wa kumsingizia.

Alikuwa jirani yetu mtaani Baba Dogo, Nairobi, mlango wa pili kutoka bombani. Alizaliwa Shelisheli, akawa mchochea makaa katika meli ya Waingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Meli iliposhambuliwa, alishuka mara tatu katika chumba cha mitambo kilichokuwa kikiungua, akawatoa wenzake. Mfalme wao akamtunuku nishani ya ushujaa. Vita vilipokwisha alishukia Mombasa, akafanya kazi katika reli hadi kustaafu, akamzika mkewe hapa Nairobi. Sisi watoto wa ploti ile ya vyumba vya kupanga tulimwita Babu.

Kitambulisho chake kiliteketea nyumba yao ya zamani ilipoungua. Sasa alikuwa na mtoto wa jicho; jicho moja lilikuwa limekwisha, la pili linafuata, na hospitali haikukubali kumpasua bila kitambulisho. Alipoomba kingine, kwa kuwa jina lake halikufanana na majina ya huku, aliitwa mbele ya kamati ya wazee wanaohakiki nani Mkenya na nani si Mkenya.

Mzee wa mtaa alimwonyesha njia. "Sema ulizaliwa Mombasa. Nani atakwenda kumtafuta mkunga wako?"

Babu alicheka, akakubali. Niliyekataa ni mimi. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nikiamini kwamba taifa haliwezi kumwadhibu mtu kwa kusema kweli.

"Babu, shujaa haombi uraia kwa uongo. Twende na nishani, na cheti chake."

"Wewe ndiye uliyesoma," alisema.

Mwenyekiti wa kamati aliigeuzageuza nishani kama anayekagua kifungo cha koti. Kisha akasoma cheti: mahali pa kuzaliwa, Shelisheli.

"Kumbe mzee wewe ni mtu wa Malkia," alisema, na wenzake wakacheka.

"Wakati ule alikuwa mfalme," Babu alimsahihisha kwa adabu.

"Basi huyo mfalme akupe kitambulisho."

Nilisimama, nikataja katiba. Niliambiwa nikae au nitoke.

Barua ilifika baada ya miezi miwili. Kufikia hapo Babu alikuwa akipapasa ukuta kwenda chooni. Alinikabidhi nimsomee. Ilikuwa na sentensi moja tu: ombi limekataliwa, kwa kuwa mwombaji amethibitisha mwenyewe kwamba ni mgeni.

Nilikohoa. Mimi, niliyemkataza uongo mdogo wa mzee wa mtaa, ambao ungemwachia angalau jicho moja, nilimsomea kwamba ombi lake bado linachunguzwa, na kwamba awe na subira.

Alinyoosha mkono. Nikampa karatasi, akaikunja polepole mara nne.

"Kwa mtu aliyekwenda chuo," alisema, "unasoma vibaya sana."