Waligeukia Ukuta Mbele ya Gitaa la Mjomba Enoka

Gitaa lilikuwa jukwaani peke yake, limekazwa nyuzi zote, halijafunikwa. Na watu wazima zaidi ya hamsini, wanaolipenda kuliko chakula, walikuwa wameligeuzia mgongo.

Wengine walitazama ukuta. Wengine walitazama viatu vyao. Mama mmoja alijiziba uso kwa kipepeo chake cha ukindu.

Hakukuwa na bomu. Hakukuwa na maiti.

Ni gitaa tu, jamani.

Na pale pale, mchana kweupe, tulipoteza kitu ambacho dunia nzima ilikuwa imebaki nacho kimoja. Hasira yake ninayo mpaka leo. Soma kwanza, halafu uniambie kama nakosea.

Naitwa Ululani. Hapa Kalihi, Honolulu, wananiita Shangazi Kipaza, kwa sababu kwenye maandamano yote ya kisiwa hiki utanikuta mimi na kipaza sauti changu cha mkononi.

Nimefua mashuka ya hoteli za Waikiki mpaka waliponichoka. Shule niliiacha mapema. Ninayoyajua nimeyasoma mwenyewe maktaba, mengine nimeyajulia juani nikiwa nimeshika bango.

Kitu kimoja Mungu alichonipa ni kumbukumbu.

Naikumbuka hoteli ya kwanza kuwaondoa wapigaji wa gitaa la chuma na kuweka muziki wa kompyuta. Naikumbuka ya pili. Namkumbuka meneja aliyemwambia Mjomba Enoka, mzee aliyekuwa akipiga hapo, kwamba wageni wamechoka na "milio ya babu zenu." Alimwambia hivyo mbele ya mkewe. Nilikuwa nimesimama hapo hapo na kapu la taulo.

Mjomba Enoka alilegeza nyuzi zote nane, akalifunika gitaa kwa kitambaa, akaondoka.

Hakupiga tena mbele za watu. Miaka ikaenda.

Sasa tuelewane kuhusu hili gitaa. Unalilaza mapajani. Hubonyezi nyuzi kwa vidole, unateleza juu yake na kichuma kizito, nalo linalia kama mtu anayejizuia kulia. Lakini kichuma kimenyooka, hakipindi. Kwa hiyo kila kitu kinategemea umezikaza vipi nyuzi zako kabla hujaanza. Hiyo ndiyo tuni. Ukiwa na tuni mbovu, hata ungekuwa na mikono ya malaika, huna kitu.

Na wazee wetu walikuwa wachoyo wa tuni kuliko wa ardhi.

Kila ukoo na yake. Mzee akimaliza kupiga, kabla hajainuka hata kwenda chooni, analegeza nyuzi zote ili asitokee mjanja wa kupita na kuzidonoa. Na wewe uliyelelewa vizuri, ukikuta gitaa la mtu limekazwa, unageuza macho. Hugusi. Husikilizi. Tumelelewa hivyo.

Tuni ya Mjomba Enoka ilitoka kwa babu yake. Kulikuwa na rekodi mbili tu, zote mikwaruzo mitupu. Klabuni kwetu, tunakokutana wapenzi wa gitaa hili, kila mtu ana tuni anayoapa kwamba ndiyo yenyewe, na wote wamebahatisha. Nimeshaona watu wawili wakitupiana chupa kwa sababu ya uzi wa sita.

Mtoto wa pekee wa Mjomba anaendesha malori Las Vegas. Hajui hata upande wa kulikamatia gitaa.

Maana yake mzee akiondoka, imeondoka naye.

Miaka kumi na moja nilikuwa namfuata. Nyumbani, kanisani, hata kwenye foleni ya dawa.

"Mjomba, hii kitu siyo yako peke yako. Ni ya watu wetu."

"Ulu, unapiga kelele sana."

"Nitaacha ukikubali."

"Hutaacha."

Kisha mwaka huu, mara baada ya Pasaka, akanipigia simu mwenyewe.

"Jumapili ya mwisho wa mwezi nitakuja klabuni. Nimekubali."

Nikauliza amekubali kupiga, au amekubali kutufundisha?

"Nimekubali yote mawili."

Akakata.

Mimi nikajua moja kwa moja kwamba atasimama kwenye maiki, atatueleza uzi kwa uzi. Nikawatangazia watu hivyo hivyo. Habari ikawaka kama moto wa mabua. Watu wakaja kutoka visiwa vya jirani, kutoka Maui, kutoka Kauai. Akaja hata bwana mmoja wa Osaka, Nishikori, mpole, anayejua nyimbo zetu kutuzidi sisi wenyewe. Naye kwa sababu ni mgeni na ana simu mkononi, basi machoni pa watu ndiye mwizi. Mpaka anapewa kiti, watu watatu walikuwa wameshamwambia aizime.

Jumapili ikafika.

Klabu ya Lehua ni ukumbi mdogo wenye harufu ya bia na samaki wa kukaanga. Saa nane mchana viti vimejaa, watu wamesimama mpaka jikoni. Mbele kabisa, upande wa mkono wa kushoto wa mpigaji, ndiko tunakogombea kukaa, maana ndiko kichuma kinakoonekana vizuri.

Darryl Akana alikuwa amekaa hapo tangu asubuhi. Darryl anaendesha gari la taka, mikono kama makasia, moyo kama wa mtoto. Anampenda Mjomba Enoka kiasi kwamba akimtaja anavua kofia.

Mzee akaingia, amevaa shati lake la maua lililopigwa pasi mpaka likasimama. Mkewe, Shangazi Leimomi, nyuma yake. Ukumbi mzima ukainuka.

Akapanda jukwaani taratibu, akafungua kasha, akaliweka gitaa juu ya stendi yake. Akaondoa kitambaa. Akakikunja vizuri, akakitia mfukoni.

Kisha akashuka, akatoka na mkewe uani kula. Kitambaa kaondoka nacho.

Mimi hapo nilikuwa kaunta nimekabana na Glenn Tamashiro, mwenye klabu, ambaye alikuwa amewasha televisheni tatu za mpira.

"Glenn, zima hayo mapambo yako."

"Shangazi, wateja wangu wa mpira nao ni watu."

"Leo siyo watu. Zima, au nakitoa kipaza kwenye mkoba."

"Ukikitoa nakutoa nje."

"Nimeshazoea."

Akazima mbili. Tukaanza kugombania ya tatu. Ndipo nikasikia mluzi. Mtu anapiga mluzi kwa nguvu, wimbo wa kanisani, bila mpangilio.

Nikageuka. Ndipo nikaona ile picha niliyokuambia mwanzo, ila sasa gitaa halikuwa peke yake. Watu wote shingo wamezigeuza, na Darryl ameinama jukwaani juu ya gitaa, anazungusha vikazio vya nyuzi huku mluzi unamtoka kama birika.

Nikaenda mbio.

"Darryl! Unafanya nini?"

"Mzee kasahau kulegeza, shangazi. Kaliacha wazi kabisa. Na huyu Mjapani kaanza kusogea. Nikaona nimwahi."

"Zote?"

"Zote nane."

"Ulizisikia?"

Akanitazama kama nimemtukana.

"Mimi siyo mwizi, shangazi. Ndiyo maana nilikuwa napiga mluzi, nisizisikie mimi wala mtu mwingine."

Sikupata muda wa kumuuliza zaidi. Mjomba Enoka alikuwa ameshaingia.

Alikaa. Akaliweka gitaa mapajani. Akavaa kucha zake za kupigia. Akatelezesha kichuma.

Ukatoka mlio wa ng'ombe aliyekwama matopeni.

Akaondoa mkono. Akatazama vikazio. Akatutazama sisi.

"Nani?"

Darryl akasimama, kofia kifuani.

"Mimi, Mjomba. Ulisahau. Lakini usiwe na wasiwasi, hakuna aliyesikia hata uzi mmoja."

Na watu wakapiga makofi.

Narudia ili unielewe. Walimpigia makofi. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Huyo ndiye mtoto aliyelelewa!"

Mjomba Enoka akasubiri makofi yaishe.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, Mjomba. Naapa kwa kaburi la bibi yangu."

"Umelelewa vizuri, mwanangu," mzee akasema. "Kaa."

Kisha akaanza kukaza. Uzi wa kwanza. Wa pili. Wa tatu ukaenda vizuri. Wa nne akaupandisha, akaushusha, akaupandisha tena. Akainamisha sikio. Akaushusha. Watu wakatabasamu kwa upole, kwamba mzee anatafuta, mpeni nafasi.

Shangazi Leimomi akapanda jukwaani, akamwekea mkono begani.

Mzee akavuta pumzi. Akazikaza nyuzi zote haraka haraka, bila kusita hata mara moja, kwa ile tuni ya kawaida wanayoanza nayo wanafunzi wote, ile inayouzwa kwenye vitabu uwanja wa ndege.

Akapiga.

Alipiga vizuri, siwezi kusema uongo. Mikono ilikuwa yake. Lakini ule mlio niliousikia nikiwa na kapu la taulo haukuwemo. Ilikuwa kama kumsikia mtu unayemjua akiongea kwa sauti ya jirani.

Na watu wakalia! "Ndiyo yenyewe!" "Umesikia uzi wa sita? Si nilikuambia?" Mzee mmoja wa Maui aliangua kilio kabisa.

Nishikori peke yake alikuwa amekaa mikono magotini.

"Siyo hii," akasema polepole.

"Nyamaza wewe," akaambiwa. "Heshimu wenyeji."

Nikamfuata Shangazi Leimomi uani. Sahani ya mumewe ilikuwa bado juu ya meza, chini ya dirisha la ukumbi. Nyama ya nguruwe kwenye majani iliyopikiwa, poi, ule uji wetu mzito wa magimbi, imeanza kukauka. Hakuna kilichoguswa.

"Shangazi, nini kimetokea?"

"Alipata kiharusi kidogo kabla ya Pasaka," akasema. "Mkono ulirudi. Mdomo ulirudi. Tuni haikurudi."

"Lakini..."

"Gitaa lilikuwa nyumbani limekazwa tangu kabla hajaugua, huko hakuna wa kumwibia. Akakataa lisiguswe. Hata vumbi nilikuwa sifuti. Akaniambia, Momi, mimi sina tena, ila gitaa bado linayo. Niwapelekee kabla na lenyewe halijasahau."

Nilihisi kama nimepigwa kofi.

"Kwa nini hakusema? Angetuambia tu, ichukueni!"

Akanigeukia. Huyu mama ni mpole, lakini siku hiyo macho yake yalikuwa yanaunguza.

"Tangu lini umeona mtu wa ukoo wake akiliacha gitaa limekazwa mbele za watu na kuondoka na kitambaa? Amesema kwa nguvu kuliko hicho kipaza chako. Ninyi ndio mlikuwa mmegeukia ukuta."

"Alikuwa amekaa hapa," akaendelea, akigusa kiti chini ya dirisha. "Hakula. Alikuwa anasikiliza nani atadonoa uzi wa kwanza. Akasubiri, akasubiri. Akasikia mtu anapiga mluzi. Akaniambia, Momi, hawaitaki."

Mzee alipotoka nikapiga magoti pale pale kwenye saruji.

"Mjomba, tuliitaka. Nimeiomba miaka kumi na moja!"

Akanishika kichwa.

"Wewe ulikuwa unadai, Ulu. Kuomba ni kuja na gitaa lako na kukaa chini. Hakuna aliyekuja."

Wakaingia kwenye gari, wakaenda zao.

Nilibaki uani na hasira isiyo na mwenyewe. Meneja wa hoteli namjua pa kumtafuta. Huyu adui wa leo nitamwandikia bango gani? Niandike nini, "Acheni adabu"?

Na kibaya zaidi, Darryl hajui.

Mpaka leo anasimuliwa klabuni kama shujaa. Wamempa kiti cha mbele cha kudumu. Juzi nimemsikia akimweleza mtu, "Nililinda tuni ya Mjomba," kifua kimemjaa. Shangazi Leimomi aliniomba nisimwambie. Nimejizuia. Mimi, Ululani, nimejizuia miezi mitatu, sijui niliwezaje.

Lakini huko kunyamaza ndiko kulikotufikisha hapa. Kwa hiyo naandika.

Darryl, mwanangu, najua unasoma huu ukurasa wangu wa mtandaoni. Ukifika hapa utakaa chini. Kaa. Ukishamaliza, simama.

Mzee bado yuko hai. Mikono yake inakumbuka mahali kichuma kinapokwenda, na wewe una masikio mazuri kuliko sote tulioko Lehua. Chukua gitaa lako, likaze unavyojua, nenda mlangoni kwake. Mwambie atelezeshe kichuma, wewe uzungushe vikazio, mpaka uso wake ubadilike kwa kuutambua mlio. Labda mtapata nyuzi mbili. Labda hamtapata hata moja. Nenda hivyo hivyo.

Nanyi wengine mnaosoma, popote mlipo, mna mzee wenu na kitu chake. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na wazee wetu hawakusikia. Lakini hakuna methali niliyoipata ya yule anayeonyeshwa akafumba macho kwa heshima, halafu akapigiwa makofi.

Ukikuta kimefunuliwa, usigeuke. Na kama huna uhakika kama ni chako kukitazama, una mdomo. Uliza.