Sauti ya Nne Peke Yake

Mtaani tulimwita Besi, na hata wateja walioleta makochi yao kushonwa upya walimwita hivyo bila kujua jina limetoka wapi. Lilitoka kwenye kwaya. Tangu ujana wake aliimba sauti ya nne, ile nzito ya chini, na hakujua nyingine. Akiwa kazini, midomo imebana misumari midogo ya kupigilia kitambaa, alinguruma sauti hiyo kutwa nzima, nasi majirani tukamtania kwamba anaimba wimbo uliokatwa kichwa. Wimbo wenyewe alikuwa nao mkewe, aliyeimba sauti ya kwanza mpaka maradhi yalipomchukua. Tangu hapo mzee alilala peke yake katika chumba cha nyuma ya karakana, kwenye harufu ya gundi na sponji, akizungumza na redio.

Kisha wakaja wale watu. Nani aliwatuma, hakuna aliyejua. Walivunja madirisha ya kanisa katikati ya ibada, wakampiga mzee wa kanisa mbele ya wajukuu zake, wakasema siku wakiwakuta tena mle ndani watawafunza adabu. Jumapili iliyofuata nusu ya waumini walikuwa wagonjwa. Iliyofuata hiyo, wengine wakakumbuka shamba, wengine wakafiwa na ndugu ambao hatukuwahi kuwasikia. Mchungaji naye akahamishwa kwa usalama wake. Siwacheki. Ukiona meno ya mtu yanaokotwa sakafuni, hata wewe utakumbuka shamba.

Na Besi alikuwa mwoga kuliko wote. Hili nataka lieleweke, maana siku hizi watu wanapenda kumfanya shujaa. Aliogopa mbwa, aliogopa sindano, na siku ile ya madirisha alijificha chini ya benchi mpaka akaja kutolewa.

Kwa hiyo naye alijaribu kukaa nyumbani. Jumapili moja alifunga mlango wa karakana kwa ndani, akafungua Biblia juu ya meza ya kukatia vitambaa, akaona herufi tu. Akaanza kuomba, akajikuta anasikiliza barabara. Kila aliposema "Bwana," sikio lilikuwa kwa wapita njia. Jioni binti yake alipomletea chakula alimkuta amekaa gizani, hata redio imezimwa.

"Nilidhani nawakimbia wale watu," alimwambia. "Naona namkimbia na Yeye. Na huku nilikokimbilia hakuna mtu, mwanangu. Hakuna mtu kabisa."

Jumapili iliyofuata akarudi kanisani. Kufuli lilikwisha kuvunjwa, kwa hiyo mlango ulisukumika tu. Alikaa mahali pake palepale, mstari wa nyuma, mabenchi matupu pande zote, kama mtu aliyealikwa harusi akakosea tarehe. Akaimba sauti ya nne. Penye sauti ya kwanza kuongoza alinyamaza, akasubiri mstari upite, kisha akaingia na yake. Haya ya kusubiri nilisimuliwa na binti yake, aliyeyasikia kwa baba mwenyewe, akashindwa kumaliza.

Alikwenda hivyo Jumapili baada ya Jumapili. Hakuna aliyemfuata. Tulimwona akipita na koti lake la kwaya lililopauka, tukamsalimia, tukarudi ndani.

"Baba, unamwimbia nani?" binti alimuuliza. "Hata wimbo wenyewe haujulikani."

"Ninayemwimbia anaujua."

"Mimi sitanii. Mama hayupo. Ukipatwa na jambo, mimi nabaki na nani?"

Mzee alichukua misumari yake, akaitia mdomoni, akaendelea na kochi la watu.

Kisha ukavuma uvumi kwamba wale watu wameonekana sokoni, na kwamba Jumapili watapita tena. Mtaa mzima ukaanza kufunga milango mapema. Binti alimbembeleza baba yake akalale kwake, mzee akakataa. Asubuhi ya Jumapili binti akaja mapema kumzuia, akakuta karakana imefungwa. Akakimbia kanisani, khanga mkononi.

Wale watu hawakuja siku hiyo. Lakini Besi hakulijua hilo. Alichosikia, katikati ya ubeti, ni viatu vinakanyaga vioo pale mlangoni. Sauti ilimkatika. Binti, pale mlangoni, alimwona kwa nyuma amejikunja, mikono kichwani, akingoja kipigo. Kisha, kwa sauti nyembamba isiyokuwa ya nne wala ya ngapi, akaendelea kuimba. Hakugeuka.

Binti alikuwa amekuja kumvuta mkono amtoe. Alipomfikia, benchi lilikuwa linagongagonga sakafu kwa jinsi magoti yake yalivyotetemeka. Mzee alifumbua macho, akamtazama kwa muda kabla ya kumtambua.

"Ni mimi, Baba. Twende nyumbani. Angalia unavyotetemeka."

"Naona."

"Sasa kama unaogopa hivi, ulikuja kufanya nini?"

Mzee alisogea kidogo ampishe nafasi.

"Naogopa sana, mwanangu," alisema. "Ndiyo maana nimekuja."