Neno Nililoliacha Ubaoni

Ujumbe ulinifikia Ijumaa jioni, nikiwa nyumbani Tononoka nasahihisha insha. "Mwalimu, Baba amechukua daftari la falsafa. Asema nisirudi chuo kikuu mpaka aonane nawe. Twakuomba uje kesho baada ya alasiri."

Aliyeuandika alikuwa msichana wa mwaka wa mwisho, msomaji hodari kuliko wote katika darasa langu la watu kumi na tisa. Mtihani wa kumaliza ulikuwa umebakiza wiki tatu. Sikuhitaji kuuliza daftari lilikuwa na nini. Nilijua mpaka ukurasa.

Ninafundisha utangulizi wa falsafa, na situmii muhtasari. Tunachukua ukurasa mmoja wa maandishi ya kale, ya Kiyunani au ya Kiarabu, yaliyotafsiriwa. Mwanafunzi anasoma mstari kwa sauti, anaueleza, kisha tunasonga. Utaratibu huo niliuchukua kwenye darsa za misikitini, na wanafunzi wangu wengi waliuzoea tangu utotoni. Wanasoma vizuri mno. Tatizo ni kwamba hawanibishi. Nikisema jambo, kalamu zote zinainama. Niliwahi kuwaambia, "Nibisheni, hii ni falsafa." Wakaitikia, "Naam, mwalimu," na wawili watatu wakaliandika hilo nalo.

Kwa hiyo Jumatano ile niliwatega. Vitabu vya zamani vya hoja vina desturi yake: mwandishi huanza na dai la mpinzani, akalitanguliza kwa neno "ikisemwa", akalipa nguvu zake zote, ndipo akashuka mstari na kusema "tutajibu". Mimi nililiacha lile neno la kwanza. Niliandika ubaoni, kana kwamba ni kauli yangu, kuwa ulimwengu hauna mwanzo: kila tukio lina lililolitangulia, na ukitaja siku ya kwanza, nitakuuliza jana yake kulikuwa na nini. Nikaweka chaki chini, nikasubiri mkono mmoja tu uinuke. Haukuinuka. Ikaadhiniwa, kipindi kikaisha, nami nikajiambia jibu litangoja wiki ijayo.

Msichana akaenda kwao akafanya alivyofunzwa tangu madrasa: akalisoma somo kwa sauti mpaka lishike. Ulimwengu hauna mwanzo. Ulimwengu hauna mwanzo. Upande wa pili wa pazia alikuwa ameketi baba yake, mwalimu wa dini, pamoja na watu wazima wanaomjia kila siku kusoma kwake.

Jumamosi niliingia Mji wa Kale kwa miguu. Mimi ni Mkristo, mtu wa Rabai, na katika vichochoro vile sijawahi kujiona mgeni, ila siku ile niliona. Nilipomuuliza muuza kahawa nyumba iko wapi, alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni.

"Ndiwe mwalimu wa ulimwengu usio na mwanzo?"

Mzee aliyekuwa akinywa hapo akadakia, "Basi ndiyo maana foleni ya feri haina mwisho!"

Walicheka. Mimi sikuweza. Ikiwa habari ilikuwa imefika kwenye kahawa, baba yule hakuwa tena na nafasi ya kulimaliza jambo kimyakimya ndani ya nyumba yake.

Alinipokea mlangoni mwenyewe. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza hali, watu wangu, kazi, yote kwa utaratibu, bila kuruka hata moja. Upole ule ulinitisha kuliko ukali. Daftari lilikuwa juu ya meza ndogo, limefunuliwa. Binti yake aliketi kwenye mkeka karibu na pazia, macho chini.

"Mwalimu," alisema, "haya ni maneno yako?"

"Nimeyaandika mimi, Maalim."

"Sikukuuliza nani kaandika. Nauliza, wayaamini?"

Kutoka ndani ikasikika sauti ya mama. "Mpe mgeni maji kwanza, kisha umhukumu!"

Maji yakaja. Niliyanywa yote ili nipate kufikiri. Kisha nikamweleza: dai ni la mpinzani, jibu lilikuwa linakuja, neno nililiacha kusudi ili wanafunzi wanipinge.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Hivi vitabu nimevisoma miaka mingi kabla hujazaliwa," alisema. "Walioviandika hawakuliacha neno hilo hata mstari mmoja. Wajua kwa nini? Msomaji aweza kufa kesho, na jibu bado hajalifikia." Akaligusa daftari kwa kidole. "Wewe ulimpa mwanangu sumu Jumatano, dawa ukaiacha mpaka wiki ijayo."

Alisema kweli. Nilitega mtego wangu, na aliyenaswa ni binti yake.

"Basi asirudi," alisema. "Elimu ziko nyingi."

"Baba." Msichana alikuwa bado ameangalia mkeka. "Niruhusu nijibu mimi."

"Umjibu nani?"

"Mwalimu." Akainua macho. "Mwalimu alikosea."

Sijui kama baba yake aliona nilivyoshtuka. Muhula mzima nilikuwa nikiyangoja maneno hayo.

"Haya, sema. Twasikiza."

"Barabara yafika ufukoni ikaisha. Mtu hawezi kuuliza barabara ya mbele yake iko wapi. Na siku nazo zina zilipoanzia, hivyo hivyo."

"Mbele ya barabara pana bahari," baba alijibu papo hapo. "Bahari ni kitu. Mbele ya siku ya kwanza umeniwekea kitu gani?"

Msichana alirudisha macho kwenye mkeka. Nilikaza mikono magotini nisije nikamsaidia. Baba alinyoosha mkono alifunge daftari.

"Mfano wangu mbovu," msichana alisema haraka. "Nauacha. Lakini Baba, wakati nao si umeumbwa? Mwalimu aliuliza jana yake kulikuwa na nini. Jana ni wakati. Ameukopa wakati ili aulize kabla ya wakati. Kwanza athibitishe kuwa hiyo jana ipo."

Mkono wa baba ulibaki juu ya daftari.

"Hilo umelisoma wapi?"

"Sikulisoma. Nimeliwaza jana nikipiga pasi."

"Ndiyo maana kanzu yangu ina alama ya moto!" Mama tena, nyuma ya pazia.

Baba hakucheka, ila alivuta kalamu kutoka mfukoni. Juu ya ukurasa wangu, mahali pa kuanzia, aliandika kwa herufi za Kiarabu neno moja, nami nililitambua: lile nililoliacha. Akashuka chini akaandika mistari miwili mingine.

"Hiyo ni hoja dhidi ya jibu lako," alimwambia binti yake. "Nataka uivunje." Kisha akanigeukia. "Jumatatu kipindi ni saa ngapi?"

"Saa mbili, Maalim."

"Atakuja. Na siku utakayoandika tena bila neno hilo, usinitumie salamu."

Jumatatu nilifika mapema. Alikuwa ameshaketi mstari wa mbele, daftari wazi. Nilishika chaki, nikaandika "Ikisemwa", na kabla sijaongeza neno la pili mkono wake ulikuwa juu.